Fizio Husomea Nini Miaka 7? Stori ya Leseni Iliyoanza na Kashfa

Wiki mbili zilizopita nilikuwa jikoni kwa shangazi, South B, tukingojea chapati, wakati binamu yangu alininyooshea simu na kuniuliza swali ambalo limekataa kutoka kichwani.

Binamu yangu ni fizio. Kwa Kiswahili sanifu tungesema mtaalamu wa tiba ya viungo, lakini wagonjwa wake wanamwita "daktari wa mazoezi" na aliacha kuwarekebisha zamani. Alisoma diploma miaka 3, akapata leseni, na huu ni mwaka wake wa 6 kazini. Ameinua watu waliopigwa na kiharusi hadi wakarudi kujishikia kikombe cha chai. Mimi mwenyewe nilipoanguka na boda 2022, goti likakataa kukunjika, ni yeye alikuwa ananilaza kwa mkeka kila jioni na kunitesa hadi likakubali. Kwa hivyo nikisema anaijua kazi, sikuambiwa na mtu.

Kwa hiyo simu alikuwa amefungua maelezo ya kufanya kazi Marekani. Amekuwa na hiyo ndoto tangu chuo. Akanionyesha mstari mmoja kwa kidole chenye unga: shahada ambayo fizio wa kule hufuzu nayo siku hizi ni ya udaktari. Si udaktari wa kupasua watu. Inaitwa Udaktari wa Tiba ya Viungo, kwa kifupi DPT. Na mtu aliyesomea nje, masomo yake yanapimwa kwanza kama yanalingana na hayo.

"Wewe si unajifanya mtu wa historia," akaniambia. "Hebu niambie. Hawa watu wamesoma nini mimi sijasoma? Ama ni mlango tu wanafunga?"

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Nikamwambia nipe muda. Hii posti ndiyo jibu lake, na ni lenu pia, kwa sababu najua wengi wenu mnasoma kozi za afya na mnaangalia huo upande wa dunia.

Kwanza tuweke sawa njia ilivyo leo. Ukitaka kuwa fizio Marekani, kwa kawaida unasoma digrii ya kwanza miaka 4. Yoyote ile, bora uwe umefanya biolojia, kemia, fizikia na mambo ya mwili. Halafu unaomba nafasi kwenye shule ya DPT, na hapo ni karibu miaka 3 mingine: unasoma misuli na neva kwa maiti halisi, unasoma dawa, unasoma picha za eksirei, unapelekwa hospitali na kliniki miezi mingi ukiwa chini ya mwalimu. Ukimaliza, unakaa mtihani wa taifa unaoitwa NPTE. Alama zake zinaenda 200 hadi 800, na ya kupita ni 600. Ukipita bado hujamaliza, kwa sababu leseni inatolewa na jimbo. Ukihama Texas kwenda Ohio, lazima ushughulikie ruhusa ya kule pia.

Miaka 7. Kabla ya kugusa goti la mtu peke yako.

Swali langu likawa: nani aliamua ni 7? Mbona si 3? Mbona si 10? Nikaanza kurudi nyuma, na nikajikuta London, mwaka wa 1894, katikati ya kashfa.

Kashfa ya masaji

Kabla ya kuitwa fiziotherapia, hii kazi ilikuwa kukanda watu na kuwafanyisha mazoezi. Sweden ndiyo ilitangulia kuipa heshima: mwaka 1813 mwalimu wa upanga anayeitwa Pehr Henrik Ling alianzisha chuo cha mazoezi ya viungo Stockholm, na wahitimu wake wakaanza kutibu watu kwa mazoezi. Mtindo ukaenea Ulaya, na kufikia mwisho wa hiyo karne wauguzi wengi London walikuwa wanafanya masaji ya tiba.

Shida ni kwamba neno masaji lilikuwa limechafuka. Mnajua vile hata hapa Nairobi ukiona kibao cha masaji kwa ghorofa fulani hujui kama ni mgongo watakukanda ama ni biashara nyingine? Basi London ilikuwa vivyo hivyo. Mwaka 1894 jarida la madaktari, British Medical Journal, likaandika wazi kwamba baadhi ya nyumba za masaji mjini ni madanguro yaliyovaa koti jeupe. Mji ukachemka. Na waliochafuka jina zaidi ni wale wanawake waliokuwa wanafanya kazi halali.

Wanne kati yao wakakataa. Lucy Robinson, Rosalind Paget, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, wote wakiwa na mafunzo ya uuguzi na ukunga, wakaunda chama mwaka huo huo: Society of Trained Masseuses. Wakaweka mtihani. Wakaweka masharti ambayo ukiyasoma leo unaona hofu yao yote. Hakuna kumkanda mtu bila maagizo ya daktari. Hakuna kumkanda mwanamume mwili mzima isipokuwa daktari ameomba kwa sababu maalum. Hakuna kujitangaza kwenye magazeti ya kawaida. Hakuna kuwauzia wagonjwa dawa.

Hapa nikaona kitu cha kwanza cha kumwambia binamu. Mtihani na cheti havikuanza kwa sababu watu walikuwa hawajui kukanda. Walikuwa wanajua. Vilianza ili mgonjwa aweze kutofautisha, na ili mwanamke anayefanya kazi safi asiitwe majina. Cheti kilikuwa ngao.

Lakini ona bei waliyolipa: walijiweka chini ya madaktari kabisa. Bila karatasi ya daktari, mikono yako inabaki mfukoni. Hiyo bei itarudi baadaye kwa hii stori.

Chama hicho kilipata hati ya kifalme 1920, wanaume wakaruhusiwa kuwa wanachama, na miaka ya 1940 kikachukua jina kiko nalo hadi leo: Chartered Society of Physiotherapy.

Vita vilivyofungua shule

Sasa tuvuke bahari. Marekani iliingia Vita Kuu ya Kwanza Aprili 1917, na jeshi lao likajua mapema kwamba vijana watarudi wakiwa vipande vipande: miguu imekatwa, mikono imekauka, neva zimekatika. Ulaya ilikuwa imeshaona hayo miaka 3. Lakini Marekani haikuwa na watu wa kutosha waliofunzwa kumrudisha mtu kwa miguu yake.

Wakamwita mwanamke anayeitwa Mary McMillan. Huyu alizaliwa Marekani 1880, akalelewa Liverpool, Uingereza, akasomea huko mazoezi na masaji ya tiba, na akafanya kazi na Robert Jones, daktari mkubwa wa mifupa wa wakati huo. Yaani yale maarifa ya Uingereza yalivuka bahari yakiwa ndani ya mikono ya mtu. Mwaka 1918 akajiunga na jeshi, na baadaye akapelekwa Reed College, Portland, Oregon, kufunza wengine. Mwaka huo darasa lake lilikuwa na wanawake karibu 200.

Waliitwa wasaidizi wa ujenzi mpya. Ujenzi wa watu, si wa nyumba. Na kozi zao, zile za dharura, zilikuwa za miezi. Si miaka. Miezi, halafu mtu anapelekwa hospitali ya jeshi, wengine hadi Ufaransa, akashike mguu wa kijana wa miaka 19 ambaye hataki kuutazama.

Na jeshi liliwalipa vipi? Liliwaajiri kama raia. Hawakuwa na cheo cha kijeshi. Vita vilipoisha, wengi waliambiwa asante, kwaheri. Wale waliofuata nyayo zao walikuja kupewa cheo cha kijeshi katika Vita vya Pili.

Nikifika hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu hivyo vita vilipita kwetu pia. Kama umewahi kununua kiondo ama kula nyama choma Kariokor, hilo jina limetoka kwa Carrier Corps, wale Waafrika walioshikwa kubebea Waingereza mizigo wakipigana na Wajerumani upande wa Tanganyika. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Wakati mwanajeshi wa Marekani anajengewa shule nzima ili goti lake likunjike tena, mbebaji wa hapa alirudi nyumbani na mgongo wake jinsi ulivyo. Sisemi hivi ili tulie. Nasema kwa sababu shule za hii kazi zilijengwa pale ambapo nchi iliamua kwamba mwili wa fulani una thamani ya kurekebishwa. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu.

Januari 1921 wale wanawake, badala ya kutawanyika, wakaunda chama chao. Wanachama waanzilishi walikuwa 274. Rais wa kwanza, Mary McMillan. Mwaka huo huo akatoa kitabu cha kufundishia kuhusu masaji na mazoezi ya tiba. Mwaka uliofuata wakabadilisha jina la chama likawa American Physiotherapy Association. Leo kinaitwa American Physical Therapy Association, na ndicho kilisukuma karibu kila mwaka ulioongezwa kwenye yale 7.

Mwanamke asiye na cheti

Vita viliisha, polio ikabaki. Kwa sisi tuliozaliwa tukipewa matone mdomoni kwa mlango wa nyumba ni ngumu kuelewa polio ilikuwa nini. Mwaka 1952 peke yake, Marekani ilikuwa na wagonjwa karibu 58,000. Mtoto analala na homa, anaamka mguu hausikii. Hata rais wao, Franklin Roosevelt, ilimpata 1921 akiwa mtu mzima, na baadaye akanunua mahali pa maji ya moto pale Warm Springs, Georgia, pakawa kituo cha tiba. Mafizio wakawa wanahitajika kila kona.

Lakini Warm Springs ilikuwa ya Wazungu. Mgonjwa mweusi alikuwa hapokelewi. Mwaka 1941 ndipo kituo cha polio kikafunguliwa Tuskegee, Alabama, kwa ajili ya watu weusi, na kikawa pia mahali ambapo wataalamu weusi walipata mafunzo. Kwa hivyo tunapohesabu milango ya hii kazi, tukumbuke mwingine ulikuwa rangi ya ngozi, na huo haukuhusiana hata kidogo na usalama wa mgonjwa.

Sasa kuja uone mtu ninayempenda zaidi kwa hii stori. Elizabeth Kenny, muuguzi kutoka mashambani Australia. Watu walimwita Sister Kenny, na Sister ni cheo cha muuguzi jeshini, hakuwa mtawa. Hakuwa na cheti cha fiziotherapia. Mafunzo yake yenyewe ya uuguzi hayakuwa rasmi. Akaingia Marekani 1940, akafika Minneapolis, akaanza kuwaambia madaktari wakubwa kwamba wanakosea.

Wakati huo mtoto wa polio alikuwa anafungwa: mbao na plasta, mguu usisogee wiki nyingi, ati misuli yenye nguvu isije ikavuta mifupa. Kenny akasema toa hizo mbao. Chukua kitambaa cha sufu, loweka maji ya moto, kamua, funika misuli inayouma. Ikilegea, mfundishe mtoto kuusogeza tena polepole. Madaktari wengi walimkasirikia. Maelezo yake kuhusu ugonjwa wenyewe yalikuwa na makosa, tuseme ukweli. Lakini watoto walikuwa wanapata nafuu na maumivu yalipungua, na baada ya miaka michache zile plasta zikaanza kuachwa hospitali nyingi.

Nilipofika hapa nilimpigia binamu simu usiku. "Umeona?" nikamwambia. "Mtu bila karatasi alikuwa sahihi, wenye karatasi walikuwa wamekosea."

Akanyamaza. Halafu akasema, "Sawa. Lakini kwa kila Kenny mmoja, unajua ni wangapi mtaani wanavunja watu shingo? Mimi ndiye huwa naletewa."

Nilinyamaza mimi. Mwezi uliopita alikuwa amepokea mzee aliyekandwa mguu uliovimba na mtu wa mtaani, kumbe ulikuwa na damu iliyoganda. Damu iliyoganda ikisukumwa inaweza kupanda hadi kwa mapafu na kuua. Yule mkandaji hakuwa mbaya. Hakujua tu kwamba kuna mguu unaokandwa na mguu unaopelekwa hospitali mbio. Hiyo tofauti ndiyo shule.

Na tena Kenny mwenyewe hakupinga mafunzo. Kitu cha kwanza alichofanya Minneapolis ni kuanza kufundisha wengine njia yake. Hata aliyeshinda bila cheti alijua kwamba mbinu isipofundishwa vizuri inakufa ama inaua.

Vile miezi iligeuka miaka

Sasa angalieni hizi hatua, nitazipanga haraka.

Mwaka 1928 chama kikaweka kiwango cha kwanza cha masomo: miezi 9, saa 1,200. Mwaka 1936 madaktari, kupitia chama chao cha AMA, wakachukua kazi ya kukagua shule. Kuingia, uwe na miaka 2 ya chuo ama umesomea uuguzi au elimu ya viungo. Na wakawapa jina: mafundi wa tiba ya viungo. Fundi! Yaani wewe unaambiwa kaza hapa, unakaza, unanyamaza. Ile bei ya London, ya kukaa chini ya daktari, ilikuwa bado inalipwa.

Mwaka 1960 chama kikasema kiwango cha chini ni digrii. Mwaka 1979 wakapitisha kwamba wanataka zaidi ya digrii ya kwanza. Ilichukua muda mrefu kuliko walivyopanga, lakini kufikia 2002 shule isiyofundisha juu ya digrii ya kwanza haikukubalika tena. Wakati huo Chuo Kikuu cha Creighton, pale Nebraska, kilikuwa kimeshaanzisha DPT ya kuanzia kazi tangu 1993. Nyingine zikafuata moja baada ya nyingine, na kufikia 2016 shule zote zinazotambulika Marekani zilikuwa zinatoa DPT pekee.

Miezi. Kisha mwaka mmoja hivi. Kisha 4. Kisha 6. Kisha 7. Karibu miaka 100.

Kwa nini? Jibu lao zuri zaidi liko kwa neno moja: mlango wa mbele. Zamani ulikuwa huwezi kumwona fizio mpaka daktari akuandikie. Nebraska ilikuwa ya kwanza kubadilisha hiyo, 1957. Majimbo mengine yakafuata polepole, na kufikia 2015 yote 50 yalikuwa yanamruhusu mgonjwa kwenda kwa fizio moja kwa moja kwa namna fulani, mengine yakiwa na masharti.

Fikiria maana yake. Mtu anaingia na maumivu ya mgongo. Hakuna daktari aliyemwona. Wengi ni misuli tu, wanapona. Lakini mmoja anakwambia, kama kwa aibu, kwamba siku hizi mkojo unamponyoka na katikati ya mapaja hasikii kitu. Huyo haandikiwi mazoezi. Huyo ni wa upasuaji, leo, kabla neva hazijafa. Ukimpa mazoezi ya wiki 6, anaweza asitembee tena. Fizio asiye na daktari nyuma yake lazima ajue hayo yeye mwenyewe. Ndiyo maana wakaongeza masomo ya dawa, ya picha, ya kutofautisha magonjwa yanayofanana. Walitaka uhuru uliouzwa 1894, na waliununua tena kwa miaka ya darasani.

Hiyo hoja naiheshimu. Ni kweli.

Lakini kuna upande mwingine

Ngoja nikuulize. Uingereza, kule ilikoanzia, unakuwa fizio kwa digrii ya kwanza. Miaka 3 England, 4 Scotland. Unasajiliwa, unaanza kazi. Na huko pia wagonjwa wanaweza kumwona fizio bila daktari kwanza. Mifupa ya London na mifupa ya Chicago ni ile ile. Kama miaka 7 ingekuwa inatoka kwa mwili wa binadamu, si Waingereza wangekuwa wanalemaza watu kila siku?

La pili. Marekani yenyewe, wale waliopata leseni zamani kwa digrii ya kawaida hawakunyang'anywa. Wako kazini. Kliniki moja inaweza kuwa na mama wa miaka 60 mwenye digrii ya kwanza na kijana wa 26 mwenye udaktari, wote wana leseni ya aina moja, wanatibu mabega ya aina moja. Na huyo kijana ndiye ana deni. Wengi wao wanatoka shule wakidaiwa zaidi ya dola 100,000, kwa kazi ambayo mshahara haukuruka kwa sababu tu neno daktari liliongezwa mbele.

Hapo ndipo unaona kuna kitu kingine kilichokuwa kinasukuma: hadhi. Watu walioitwa mafundi 1936 walitaka kuitwa madaktari. Siwalaumu. Wanawake ambao jeshi liliwaita raia, ambao mji uliwaita malaya, waliona kwamba heshima katika nchi ile inapimwa kwa karatasi, wakaenda kuitafuta karatasi kubwa kabisa. Ukiwa umedharauliwa hivyo, hata wewe ungeenda.

Shida ni nani alilipa. Kizazi kilichopiga kura hakikurudi darasani kwa lazima. Aliyelipa ni yule aliyekuwa bado hajafika, pamoja na yule wa South B mwenye unga kwa vidole, ambaye hata hakujulikana yupo.

Sasa jibu langu kwa binamu

Uliuliza kama kuna kitu wamesoma ama ni mlango wanafunga. Ni vyote viwili, dada, na nitakuwa mwongo nikichagua kimoja.

Kuna vitu wamesoma ambavyo wewe hukufundishwa kwa kina ule, na wewe mwenyewe uliniambia hivyo: picha, dawa, kusoma utafiti na kujua upi ni wa maana. Na kuna miaka ambayo iko pale kwa sababu ya heshima na ushindani. Historia inaonyesha leseni ilianza kama ngao ya mgonjwa, na bado ni ngao. Lakini ngao ikiwa kubwa sana inaziba mlango.

Na wao wenyewe walijua hivyo. DPT ilipoanza, waliwatengenezea mafizio wao wenye digrii za zamani kozi fupi ya kuvukia, ili mtu asianze upya mambo aliyofanya miaka 20. Kwa hivyo daraja linawezekana. Walilijenga. Walilijenga kwa wao.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Wafiziotherapia ya 2014 na baraza la kusajili. Diploma inatambulika, na digrii inafundishwa, kwa mfano Moi na JKUAT. Tuko mahali Marekani ilikuwa miaka mingi nyuma, na hiyo ni bahati, kwa sababu tunaona barabara inaelekea wapi. Msimamo wangu ni huu. Leseni, ndiyo, bila mjadala. Ukienda kukandwa shingo uliza usajili wa mtu, usione aibu, hao wanawake wa 1894 walipigania haki yako ya kuuliza. Kuongeza masomo pale ambapo mgonjwa atafaidika, ndiyo. Lakini siku watakapotaka kuongeza mwaka hapa kwetu, waseme huo mwaka unazuia kosa gani, na wajenge daraja la walio kazini kabla ya kubomoa njia ya zamani. Kaunti nyingi zinategemea watu wa diploma. Ukiwafungia hao, mgonjwa wa kiharusi kule mbali hatapata daktari wa viungo. Atapata mkandaji wa mtaani.

Nilimtumia binamu haya yote kabla ya kuposti. Alijibu kwa sauti, dakika 2. Alisema sehemu ya Kenny nimeipenda kupita kiasi. Alisema Marekani haijatoka kwa akili yake, ila ameanza kuulizia digrii hapa hapa, jioni na wikendi, aone watahesabu kiasi gani cha alichosoma. Kama atavuka, avuke akiwa nayo. Kama hatavuka, wagonjwa wake ndio watafaidi.

Halafu akauliza kama lile goti bado nalifanyisha mazoezi.

Silifanyishi. Naanza kesho, dada.